RX 7800 XT na pawasaplai ya wati 750: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, sababu zitafuata. RX 7800 XT ya AMD ni kadi ya michoro nzuri kwa mwenye monita ya pikseli 2560×1440: memori inatosha, plagi zake za umeme ni zile zilizozoeleka, na draiva zake (programu zinazoiendesha) hazinipi shida. Ila kinachoifanya kompyuta itulie gemu likishakolea ni pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia umeme, na hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mashine ninayoizungumzia ina prosesa ya Ryzen 5 7600, RAM ya gigabaiti 32, diski mbili za SSD, na pawasaplai ya wati 750 yenye alama ya 80 Plus Gold, inayofuata kiwango cha ATX 3.0.

Kabla ya kadi, tazama monita uliyonayo. Ya 1920×1080 ina pikseli kama milioni 2.07, ya 2560×1440 ina milioni 3.69, ya 4K ina milioni 8.29. Ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, umeiongezea kadi karibu asilimia 78 ya pikseli za kuchora katika kila fremu, na bado hujagusa mpangilio wowote wa gemu. Mwenye 1080 ya hezi 60, yaani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, akinunua kadi hii, sehemu kubwa ya nguvu yake italala. Tena kwenye 1080 mara nyingi prosesa ndiyo huzidiwa kwanza. Washa kipimo cha Adrenalin, programu ya AMD ya kusimamia kadi, gemu likiwa linaendelea: ukiona matumizi ya kadi yamekwama kwenye asilimia 60 huku fremu hazipandi, na hujaweka kikomo cha fremu, basi kadi inaisubiri prosesa. Kununua kadi kubwa zaidi hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwenye memori ndipo kadi hii iliponishika. Ina gigabaiti 16 za GDDR6 kwenye njia ya biti 256. Memori ya kadi ikijaa, picha za nyuso na kuta za ndani ya gemu huanza kukaa kwenye RAM ya kawaida na kuletwa kupitia PCIe, sloti ya ubao mama inayobeba kadi, ambayo ni njia nyembamba mno ikilinganishwa na memori ya kadi yenyewe. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri huku gemu likikatakata kila ukigeuza kamera. Ndiyo maana wastani peke yake hudanganya. Kwa gigabaiti 8, kama za RTX 4060 au RX 7600, jiandae kupunguza ubora wa picha hizo katika magemu mazito. Kumbuka pia kwamba kadi hizo mbili hutumia njia 8 tu za PCIe, si 16. Kwenye ubao mama wa zamani wa PCIe 3.0 upana huo unabaki nusu ya ule zilioundiwa, na memori ikijaa ndipo utauona upungufu.

Mshindani wake, RTX 4070 ya Nvidia, ana gigabaiti 12 na hula wati 200 dhidi ya 263 za hii. Nisifiche: kwenye ufuatiliaji wa miale ya mwanga kadi ya Nvidia inaishinda, na DLSS, mbinu yake ya kukuza picha ndogo iwe kubwa, husafisha picha vizuri kuliko FSR 2 ya AMD. Kama magemu yako ni ya aina hiyo, usinifuate mimi. Mimi ninacheza zaidi yale yanayokula memori.

Sasa pawasaplai. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi haina maana mpaka usome lebo iliyobandikwa ubavuni. Kadi na prosesa hulishwa na laini ya volti 12; laini za volti 5 na 3.3 hulisha vitu vidogo. Tafuta sehemu iliyoandikwa +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Pawasaplai nzuri ya wati 750 itakuonyesha kama ampea 62, yaani wati 744: karibu nguvu zote zinapatikana pale zinapohitajika. Nimeshawahi kuwa na moja iliyojiita ya wati 500. Lebo ilikuwa na laini mbili za volti 12, moja ya ampea 14 na nyingine ya ampea 15, na chini yake, kwa herufi ndogo, jumla isiyozidi wati 336. Wati zilizobaki zilikuwa za kujazia hesabu. Ukipata lebo ya namna hiyo, ihesabu kama pawasaplai ya wati 336. Ukikuta haina lebo ya ampea kabisa, irudishe hapo hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kadi, wati 263. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini kikomo chake halisi kwenye soketi ni wati 88, na hicho ndicho cha kuhesabu. Ubao mama, RAM, diski na feni, weka 50. Jumla ni 401. Kwenye pawasaplai ya wati 750 huo ni mzigo wa asilimia 53 hivi, feni yake haihitaji kupiga kelele na joto ni la wastani. AMD wenyewe wanapendekeza wati 700 kwa kadi hii. Je, 650 iliyo nzuri itaendesha? Itaendesha. Lakini ukija kuweka prosesa kubwa zaidi utajutia tofauti ndogo uliyoiokoa.

Kwa nini uache nafasi yote hiyo ikiwa hesabu inasema 401? Kwa sababu 263 ni wastani. Kadi za kisasa hubadilisha mzigo kwa kasi kubwa, na ndani ya sehemu ndogo ya sekunde moja zinaweza kuvuta zaidi sana ya wastani huo, kisha zikashuka. Mita ya ukutani haioni miruko hiyo, ila kinga ya pawasaplai, ile inayokata umeme mzigo ukizidi, inaiona. Kadi kubwa za mwaka 2020, kama RTX 3080 ya wati 320, ndizo zilizowafungua watu macho: pawasaplai ambazo kwenye karatasi zilitosha zilikuwa zikikata umeme katikati ya gemu. ATX 3.0 ya mwaka 2022 ililishughulikia jambo hili, ikizidai pawasaplai zenye plagi ya kadi ya pini 16 zivumilie mruko wa mara mbili ya wati zao kwa mikrosekunde 100. Kadi yangu haitumii plagi hiyo, lakini uvumilivu huo unaisaidia vilevile.

Alama ya 80 Plus inasomwa vibaya sana. Gold maana yake ni ufanisi: kwenye kipimo cha volti 115, isipungue asilimia 87 kwa mzigo wa asilimia 20, 90 kwa mzigo wa nusu, na 87 kwa mzigo kamili. Kwa hiyo zile wati 401 zitavuta kama wati 445 ukutani, na tofauti hutoka kama joto. Alama haisemi lolote kuhusu ubora wa kapasita, kinga, wala utulivu wa volti. Bronze iliyoundwa vizuri naichukua mbele ya Gold ya jina nisilolijua. Muda wa dhamana unanieleza zaidi: mtengenezaji anayetoa miaka 7 au 10 ameweka fedha yake mahali palipo na maneno yake.

Kebo ndizo huua vifaa, kwa hiyo hapa nenda polepole. Kadi ina matundu mawili ya pini 8. Kila moja limepimwa kwa wati 150, na sloti ya PCIe inaongeza 75. Pawasaplai nyingi huja na kebo moja yenye vichwa viwili, na kishawishi ni kuchomeka vyote viwili ili ndani pasiwe na msitu wa nyaya. Tuseme wati 220 zinapita kwenye kebo: hizo ni ampea 18.3, zikigawanywa kwa nyaya tatu za volti 12 kila waya unabeba ampea 6.1. Ukitumia kebo mbili tofauti, kila waya unabeba nusu yake. Ampea 6 hazitayeyusha kitu kwenye kebo nzuri, lakini volti hushuka zaidi njiani na pini upande wa pawasaplai hupata joto. Mimi nimetumia kebo mbili na kuvifunga vichwa vya ziada kwa nyuma.

Plagi ya kadi imegawanyika 6+2, ya prosesa imegawanyika 4+4. Zote zina pini 8, ila chanya na hasi zimepangwa kinyume. Umbo la vitundu linazuia kosa, isipokuwa kwa mtu mwenye nguvu kuliko subira. Plagi ikikataa, itoe uitazame. Ikiwa ni yenyewe, ishike ile sehemu ya pini 2 iambatane na ile ya 6 kwenye kijino chake, sukuma zote pamoja, na usikilize ulimi wa plastiki ukigonga. Bila mlio huo, haijaingia.

Jingine: kebo za kuchomoa za pawasaplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata kama zinaingia. Upande wa kadi na diski umewekewa kiwango. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na wakati mwingine toleo moja hutofautiana na lililofuata la kampuni ile ile. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5, diski zako zimekwenda. Ukibadilisha pawasaplai, badilisha na kebo zote.

Wanaochukua kadi yenye plagi ya pini 16 waisukume mpaka pengo lisionekane kabisa, na wasianze kuikunja kabla ya sentimita 3 na nusu hivi kutoka kwenye kadi. Plagi isiyofika mwisho inaweza kuyeyuka. Toleo jipya, 12V-2x6, limefupisha zile pini ndogo za ishara ili kadi isivute umeme kama plagi haijazama.

Upimaji wa kasha ni kazi ya dakika mbili, na wanaoiruka ni wengi. Kadi ya muundo wa AMD ina urefu wa milimita 267, lakini za watengenezaji wengine hupita 320. Pima kutoka nyuma ya kasha mpaka kwenye feni za mbele, si mpaka kwenye ukuta wa mbele. Ukishafunga, chomeka kebo ya monita kwenye kadi yenyewe. Ryzen 5 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, kwa hiyo ukichomeka kwenye ubao mama picha itaonekana na utashangaa gemu linavyojikokota. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows uangalie hezi. Mara nyingi monita ya hezi 165 huanza ikiwa kwenye 60.

Draiva za kadi ya zamani nilizifuta kwa DDU, programu ya kazi hiyo, ndani ya hali salama ya Windows (Safe Mode), intaneti ikiwa imezimwa ili Windows isijipakulie yake. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, washa Above 4G Decoding na Resizable BAR ili prosesa iifikie memori yote ya kadi kwa pamoja, na uzime CSM, hali ya kuwashia mifumo ya zamani.

Kuhusu hitilafu, usiilaumu pawasaplai kwa kila jambo. Kompyuta ikizimika ghafla, na isiwake mpaka uzime swichi ya nyuma na kuiwasha tena, kinga ya pawasaplai imekata. Skrini ikiwa nyeusi huku feni za kadi zikivuma kwa nguvu zote, anza na plagi za kadi. Gemu likijifunga na kukurudisha kwenye desktopu, mara nyingi ni draiva, au umeshusha volti za kadi kupita kiasi. Ule ujumbe wa Kernel-Power 41 kwenye kumbukumbu za Windows unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, hautaji mkosaji. Na hata ukimjua, pawasaplai usiifungue: kapasita zake hushika umeme wa kuumiza hata baada ya kuchomolewa. Kwa wenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, soma wati, si VA, maana wati huwa chache zaidi.

Lawama yangu kwa kadi ni mbili. Kwa mipangilio ya kiwandani feni zinasikika. Nilishusha kikomo cha umeme kwa asilimia 10, kikawa kama wati 237, na kelele ikapungua kuliko fremu zilivyopungua. Ya pili ni mlio mwembamba wa koili, hasa kwenye menyu za magemu ambako kadi huchora mamia ya fremu bila sababu. Niliweka kikomo cha fremu 160 kwenye Adrenalin, na sasa mlio huo nausikia tu nikiinamisha sikio karibu na kasha.