Trei ya choo ya pembetatu kwa fereti: uzoefu wangu

Fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayefugwa nyumbani, hafukii kinyesi kama paka. Hurudi kinyumenyume hadi konani, huinua mkia na kumaliza haja karibu kabisa na ukuta. Ndiyo maana trei hii ya plastiki niliipima kwanza kwa kuta zake mbili za nyuma, ambazo zimeinuka vya kutosha, huku mbele kukiwa na mdomo wa chini anaouvuka bila kuruka. Ile ya mstatili niliyoitumia awali ilikuwa na kuta fupi, hivyo kinyesi kiliangukia nje ingawa miguu yote minne ilikuwa ndani.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kulabu za kuifungia kwenye vyuma vya kizimba, kwa kuwa fereti hupenda kuchimba na kusukuma, na trei isiyofungwa huipindua. Ndani naweka punje za karatasi iliyoshindiliwa, tabaka jembamba tu, maana tabaka nene humshawishi kuchimba. Mchanga wa paka unaogandamana siutumii kamwe: una vumbi, na kwa vile fereti huburuta matako chini baada ya kujisaidia, chembe zake humnata. Maranda ya mwerezi nayo nayaepuka, kwani mafuta yake hudhuru njia ya hewa.

Chakula humpitia fereti tumboni kwa takribani saa 3 hadi 4, kwa hiyo hujisaidia mara nyingi, hasa punde baada ya kuamka. Wakati huo ndipo ninapomweka kwenye trei, nikasubiri amalize, nikampa kipande kidogo cha nyama, kisha nikamwachia acheze. Kumchapa au kumsugua pua kwenye uchafu humtia woga tu. Kona nyingine za kizimba nimezijaza matandiko na bakuli la chakula, kwa sababu hapendi kuchafua mahali anapolala wala anapokula.

Nazoa uchafu asubuhi na jioni, lakini wakati wa kumfundisha nilikuwa nikibakiza kidogo ili harufu imwongoze. Kuzoa huko kuna faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba naona mapema mabadiliko ya kinyesi. Kikiwa cheusi na chenye kunata kama lami, huenda kuna damu tumboni, na hapo daktari wa mifugo hasubiriwi. Trei yenyewe naiosha kila wiki kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali, bila dawa yenye amonia, ambayo harufu yake hufanana na ya mkojo.

Kasoro yake ni ule mfereji mwembamba kuta mbili zinapokutana: mkojo hukauka humo na kijiko hakifiki, hivyo nalazimika kutumia mswaki. Pia kulabu hazina kazi nje ya kizimba, na kwa kuwa fereti hatembei mbali kutafuta choo, kila chumba anachoruhusiwa kuzurura kinahitaji trei yake, iliyo nzito au iliyobanwa ukutani kwa njia nyingine.