Mississippi John Hurt, sidi ya 1928: inunuliwe au iachwe?

Haya, habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina sidi moja tu: Avalon Blues, nyimbo 13 alizorekodi mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi wa Marekani, Mississippi John Hurt, mwaka 1928 kwa kampuni ya santuri ya Okeh. Toleo hili ni la 1996.

Kama bluzi kwako ni mtu anayenguruma na gitaa linalopiga kelele, huyu atakushangaza. Anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Kazi yote iko mkono wa kulia. Sikiliza "Frankie": kidole gumba kinaruka kutoka uzi mmoja wa besi hadi mwingine, hakikosi hata pigo moja, huku vidole vingine vikicheza melodia juu yake. Utaapa wapo wawili. Ni peke yake! Nikiupiga hapa video itashushwa, kwa hiyo utafuteni wenyewe.

Wale mliokua na santuri za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, mtajisikia nyumbani. Mwenda alitumia gumba na kidole cha shahada, na sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Lakini jukwaa la tamasha la muziki la Newport kule Marekani limewabeba wote wawili: Hurt 1963, Mwenda 1969.

Sasa maisha yake, maana bila hayo hutaielewa sidi hii. Hurt alikulia Avalon, kijiji kidogo sana huko Mississippi, akalima karibu maisha yake yote. Jirani yake Willie Narmour, mpiga fidla Mzungu, ndiye aliyempendekeza kwa watu wa Okeh. Februari 1928 akarekodi Memphis, Desemba akaitwa New York. Huko ugenini, kabla ya Krismasi, akaimba wimbo wa kukumbuka kwao, "Avalon Blues". Santuri hazikuuzwa sana, uchumi ukaanguka 1929, naye akarudi shambani. Basi. Miaka 35 kimya.

Mwaka 1952 nyimbo zake mbili zikaingia kwenye mkusanyiko wa santuri za zamani za Marekani aliouandaa Harry Smith, na vijana wa mjini wakaanza kuulizana huyu ni nani. Kijana mmoja, Tom Hoskins, akausikiliza ule wimbo wa Avalon, akatafuta jina hilo kwenye ramani ya zamani, akafunga safari 1963. Mzee yupo! Inasimuliwa kwamba alidhani amefuatwa na polisi. Mwaka huohuo akapanda jukwaani Newport, na miaka mitatu iliyofuata akapiga kumbi na kurekodi upya, hadi alipofariki Novemba 1966.

Turudi kwenye bidhaa. Mikwaruzo ipo, tusidanganyane. Hizi zimetolewa kwenye santuri za kale, na kuna nyimbo ambazo besi inafifia. Kila wimbo ni dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri haukubeba zaidi. Halafu nyimbo mbili za dini zilizomo mimi huziruka. Anaziimba vizuri, ila gitaa halina mengi ya kufanya. Lakini "Louis Collins"! Wimbo wa mtu aliyepigwa risasi, umeimbwa kwa upole hadi unasahau unasikiliza msiba. Huo peke yake unatosha kunifanya niitoe pesa tena.

Watu wengi watakwambia uanze na albamu yake Today!, aliyorekodi uzeeni. Sauti yake ni safi zaidi, sikatai, na kwa anayejifunza gitaa ni rahisi kufuata vidole. Ila mwaka 1928 kuna wepesi ambao mzee hakuwa nao tena, hasa kwenye nyimbo za kasi. Mimi nachagua hii. Ukiinunua, tumia hedifoni, usiongeze besi kwa nguvu, na anzia "Spike Driver Blues" kabla ya kugusa nyingine.