TAHADHARI: RAM za seva zinauzwa mjini kama za kompyuta ya mezani

Wenzangu wenye saiba (vibanda vya intaneti), na yeyote anayepanga kuongeza RAM, ile memori ambayo kompyuta hufanyia kazi, kwenye kompyuta ya mezani, someni hii kabla hamjashuka mjini. Nimeuziwa RAM nne ambazo mashine zangu haziwezi kuwaka nazo kabisa, na nilipozirudisha nikaambiwa mamabodi yangu, yaani bodi kuu ya ndani, imeungua. Haikuwa imeungua. Aliyeniuzia alijua anachokifanya, na nitawaeleza kwa nini nasema alijua.

Nina saiba ndogo Umoja, hapa Nairobi. Mashine zangu nne ni HP Compaq 8300, zile za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na kila moja ilikuwa na GB 4. Mnajua mwezi wa Juni ulivyo: watu wanafurika kufaili ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30, na ukishafungua iTax (tovuti ya kodi), eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na barua pepe ya mteja kwa pamoja, mashine ya GB 4 inakwama. Nikatenga pesa ya kuongezea kila moja GB 8.

Kibanda nilikonunua ni kioo kimoja tu ndani ya jengo lenye vibanda vingi, kati ya Luthuli na Tom Mboya. Siandiki namba yake kwa sababu kijana aliyeniuzia ameshahama, na aliyepo pale sasa hahusiki. Wengine walikuwa wananitajia shilingi 2,500 kwa kipande, yeye akasema 1,800. Nilimwambia mashine ni HP 8300 ya mezani. Akanijibu, "Mama, hizi ndizo zenyewe, hata zipime." Akachomeka moja kwenye mashine kubwa nyeusi iliyokuwa chini ya meza, ikawaka, skrini ikaonyesha GB 8. Nikaridhika. Nikatuma 7,200 kwa M-Pesa, kwenye namba yake ya simu, maana alisema till, namba ya malipo ya duka, ina shida. Risiti akaandika "RAM 4" basi.

Jioni nikafunga saiba na kuanza kazi. RAM ziliingia vizuri, vibano vya pembeni vikafunga. Nikawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Taa ya kuwashia ikageuka nyekundu, ikapepesa mara tano pamoja na milio mitano, ikanyamaza kidogo, ikaanza tena tano. Kwa HP za aina hii, tano nyekundu maana yake mashine imeshindwa na memori hata kabla ya kutoa picha.

Nilifanya yote ninayoyajua. Nilichomoa waya wa umeme na kubonyeza kitufe ili chaji iliyobaki iishe, nikasugua meno ya RAM kwa raba ya penseli, nikajaribu kipande kimoja kimoja katika kila nafasi, nikatoa hata ile betri ya CR2032 kwa dakika chache ili mipangilio ijifute. Tano nyekundu. Nikahamia mashine ya pili, ya tatu, ya nne. Tano nyekundu kote. Karibu saa tano usiku nikarudisha RAM ya zamani kwenye mashine ya kwanza, na Windows ikafunguka bila tatizo. Nikarudisha kwa zote, zote zikawaka. Mamabodi nne haziwezi kufa usiku mmoja halafu zikafufuka kwa kurudishiwa RAM ya zamani.

Asubuhi nikapanda matatu na mashine moja mapajani, na RAM ya zamani ndani ya mkoba. Yule kijana hata hakuipima. Aliinua kifuniko, akachungulia, akasema, "Pole mama, hii bodi imeungua. Lazima uliweka RAM umeme ukiwa umewashwa." Na papo hapo akaibuka fundi wa kibanda cha jirani mwenye bodi ya 8300 ya 6,500, tayari mkononi. Nikatoa RAM yangu ya zamani mkobani, nikaichomeka mwenyewe, nikaomba monita. Ikawaka mbele ya wateja wawili waliokuwa wamesimama pale. Fundi akarudi kwake kimya. Kijana akaanza kusema mwenye duka hayupo, nimwachie RAM nirudi kesho. Nilikataa kuziacha. Kesho yake kibanda kilikuwa kimefungwa, na simu haijapokelewa hadi leo.

Nyumbani ndipo nilipobandua stika. Stika ya juu, nyeupe, mpya, ilisomeka "8GB DDR3 1600 Desktop". Chini yake kulikuwa na ya kiwandani: 8GB 1Rx4 PC3L-12800R. Hiyo R ya mwisho ndiyo kisa chote. Ni RAM ya seva, zile kompyuta za kuhudumia mitandao. Ina chipu ya ziada katikati inayopokea amri na anwani kutoka kwa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kuzisambaza kwa chipu za memori, na prosesa ya kompyuta ya kawaida ya mezani haikuundwa kuzungumza na kitu kama hicho. Ya kwetu huishia na U, mfano PC3-12800U. Kwa DDR4, kizazi cha RAM kilichofuata DDR3, herufi huja baada ya kistari, kama PC4-2400T-UA2 kwa ya mezani na PC4-2400T-RC1 kwa ya seva. Kinachodanganya watu ni kwamba DDR3 zote mbili zina pini 240 na mkato mahali pale pale, kwa hiyo ya seva inaingia bila kulazimishwa. DDR4 nazo ni 288 kwa 288. DDR5 peke yake ndiyo iliyotenganishwa mikato, ya seva haiingii.

Sasa ile mashine nyeusi ya kupimia. Niliporudi pale niliinama nikaona nembo ya Xeon, prosesa za Intel za seva na kompyuta za kazi nzito. Ni kompyuta ya kazi nzito, ya aina zinazokubali RAM za seva. Kwa hiyo kipimo kilikuwa cha kweli na bado kilikuwa cha kunilaghai. Mtu aliyebandika stika juu ya stika, akachagua mashine hiyo kupimia, na kuwa na jirani mwenye bodi tayari, huyo hakukosea. Ninachokiogopa zaidi ni wangapi wamekubali kununua bodi, wakatupa mashine nzima yenye afya.

Ukiwa dukani usihangaike na stika peke yake, geuza kipande uhesabu chipu. RAM ya kawaida ya mezani mara nyingi ina 8 upande mmoja au 8 kila upande. Ukihesabu 9 upande mmoja na ukaona nyingine ndogo imekaa katikati kabisa, rudisha. Na kama stika ina kona iliyoinuka, omba ibanduliwe, anayekataa amekujibu. Kuna nyingine pia, DDR3 za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya mamabodi za AMD tu. Hizo wala si za seva, lakini kwenye mashine ya Intel zitakupa skrini nyeusi ile ile, basi taja prosesa yako na uulize.

Kipimo ninachokiamini sasa ni kimoja: beba mashine yako, hata kama ni nzito, ipimwe ndani yake kabla ya kulipa. Nilifanya hivyo kwa muuzaji mwingine, pale pale Luthuli. Alinipa vipande vinne vyenye U kwa 2,400 kila kimoja, akanipa nafasi ya meza, na akaandika kwenye risiti "RAM ya mezani ya HP 8300, siku 14 kurudisha". Mashine zote nne zinafanya kazi na GB 12.

Kuhusu yale mabango ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", yasikutishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilingane na kilivyoelezwa, na kifae kazi uliyomtajia muuzaji. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kukamilika ndani ya siku 60. Mimi nimehifadhi ujumbe wa M-Pesa, risiti, zile RAM nne na picha za stika zote mbili. Jina lililotokea kwenye M-Pesa ninalo, na ndilo nitakalolipeleka mahakamani Milimani.

Kama ulinunua RAM maeneo hayo mwezi wa Juni na mashine ikagoma, usinunue bodi. Rudisha RAM ya zamani kwanza uone kama itawaka, kisha ubandue stika. Ukikuta R, niandikie hapa, na risiti yako usiitupe.