Mpambaji wa maharusi alivyotupaka majivu

Hasira hizi nimezilaza karibu mwezi mzima nikijiambia acha zipoe kwanza, ndipo niandike kama mtu mzima. Hazijapoa. Basi naandika hivyo hivyo.

Ni habari ya mpambaji tuliyemchukua atupake mekapu ya jukwaani. Jina simtaji, na msinifuate pembeni kuniuliza. Ana wateja wengi mjini, wengi wao maharusi, na picha zake za Insta ni nzuri kweli, hilo hata mnichome moto siwezi kulikana. Ndizo zilizotuponza.

Sisi ni kundi la ngoma, watu 8, wanawake 6 na wanaume 2. Tunacheza sindimba, ile ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, tunachanganya na mambo yetu ya siku hizi. Miaka yote tunajipaka wenyewe: kioo kimoja chenye ufa, kila mtu na kipochi chake, na kelele nyingi. Safari hii tulialikwa Bagamoyo, shoo ya usiku, jukwaa lenye taa za rangi, kamera kila kona. Kiongozi wetu akasema jamani, huku tusiende na sura za mazoezini. Kazi ya kutafuta mtu nikapewa mimi. Kwa hiyo lawama nyingine ni zangu, nitafika huko.

Aliomba 35,000 kwa kichwa. Nikamshusha mpaka 25,000, nikajiona mjanja, nikatuma nusu kwa simu. Tukakubaliana saa tisa alasiri. Akafika saa kumi na moja na robo, anasema foleni ya Tegeta. Foleni ya Tegeta naijua, sikusema kitu. Akafungua sanduku lake, lile linalopanda juu kama ngazi, brashi zimepangwa kwa ukubwa, tukatazamana: eeh, leo tumepata mtu.

Akaanza na wale maji ya kunde. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mambo yanakwenda. Ikafika zamu ya binti wetu wa mbele. Huyu ndiye anayefungua sindimba, ndiye watu wanayemkumbuka wakirudi nyumbani. Ni mweusi, weusi ule wa kung'aa, kwao Newala, akipakwa mafuta ya nazi tu basi jukwaa limekwisha.

Mpambaji akamtazama. Akatazama sanduku. Akamtazama tena. Kisha akasema, na haya sijayaongezea chumvi kwa sababu wote tulikuwepo: "Sasa wewe nikupake nini? Rangi yako mimi sina. Na wewe nawe, mtoto mzuri hivi, hujipendi? Ungejipaka hata kidogo ungetakata."

Ungetakata! Kwa asiyekaa mjini, tafsiri yake ni mkorogo. Anamwambia mtoto wa watu, mbele ya wenzake, saa mbili na nusu kabla hajapanda jukwaani, kwamba akajichubue ndipo apakike.

Chumba kizima kimya. Binti akacheka. Kile kicheko cha kumwokolea mwingine aibu yake, nadhani mnakijua. Na mimi, mkubwa pale, mimi niliyemleta huyo mtu, nilisema nini? Nilisema, "Dada, muda." Muda! Ndilo neno lililonitoka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, siyo jasho wala picha.

Halafu hilo la "rangi yako sina". Unatoka Dar es Salaam kwenda kupamba kundi la sindimba na huna rangi nyeusi? Muuza chipsi akwambie chipsi zipo ila viazi ndiyo hana. Mwaka 2017 Rihanna alitoa fandesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zikaanza kukimbizana kuongeza za kwao. Sisemi anunue hizo, bei yake haishikiki. Lakini Kariakoo zipo za kawaida ukiwa na miguu ya kuzunguka, na ukikosa kabisa unachanganya mbili tatu kwenye kiganja mpaka unaipata. Sisi tusiosomea tunachanganya kwenye kiganja.

Yeye alimpaka ya mwenzake. Rangi ya andazi. Juu yake akammwagia poda nyeupe, eti ishike. Uso mgeni, shingo mwenyeji.

Nieleze kidogo, maana wapo watakaoniambia mekapu ni mekapu. Siyo. Bibi harusi anatazamwa kwa karibu, ameketi, anapepewa, na mpambe yuko ubavuni na leso anamdonoa jasho. Mchezaji anatazamwa kutoka mbali, taa zinampiga usoni mpaka pua inapotea, na wakati wote huo kiuno kiko chini na miguu haitulii. Kwa hiyo jicho unalichora kubwa kuliko alilopewa na Mungu. Wanja wa juu na wa chini huufungi pale pembeni, unaacha uwazi mdogo, kwa sababu ukiufunga jicho linasinyaa kwa mtu wa kiti cha nyuma. Kwenye kioo unajiona kituko, jukwaani unaonekana mtu. Na jasho hulishindi kwa kupaka nene. Unapaka nyembamba, unagandamiza poda kwa kisponji, hupangusi, unasubiri, unarudia. Kisha unamwambia mtu ainame, aruke, azungushe shingo, ndipo unamwona umempaka nini. Likitoka jasho linadonolewa, halifutwi.

Mwalimu wetu wa zamani alikuwa na hadithi yake ya wachezaji wa kathakali kule Kerala, India. Wanalala chali, mtu anawachora uso saa kadhaa, mpaka wengine wanasinzia hapo hapo. Tulikuwa tunamcheka. Huyu wetu alimaliza watu 8 kwa saa mbili na ushee, akapata na nafasi ya kujipiga selfi mbele ya kioo chetu.

Tena kwa wanja mmoja. Penseli moja, watu wanane, jicho kwa jicho, hajaichonga hata mara moja. Mwanzoni mwa 2024 Dar iliamka na ugonjwa wa macho mekundu, ule wa kuambukizana, ofisi nzima nzima zinavaa miwani ya jua, na mtu wa kazi hii kashasahau? Nilipomgusia alipangusa ncha kwa tishu, akaendelea na jicho lililofuata.

Jukwaani, dakika kumi za kwanza tulikuwa malaika. Sisemi uongo, nilimtazama mwenzangu nikasema moyoni labda nimemhukumu mapema. Lakini Bagamoyo ni pwani, hewa ya usiku inanata chumvi, na taa zinachoma kama jiko. Ilipoingia sindimba yenyewe, vitambaa vimefungwa kiunoni, ngoma zimekolea, mekapu ikaanza safari. Mifereji kutoka kwenye paji mpaka kidevuni. Mwenzangu mmoja ukope wa bandia ulimbanduka, ukaruka, ukatua kwenye ngozi ya ngoma. Mpiga ngoma akipiga unaruka, unatua, unaruka. Watu wa mbele wakaangua kicheko wakidhani ni sehemu ya mchezo, na mpiga ngoma, mshenzi yule, akaongeza mbwembwe.

Fundi wa taa akaleta buluu. Lipstiki nyekundu aliyotupaka wanawake wote, bila kuuliza, ikageuka nyeusi tii. Midomo kama ya watoto waliotoka kuiba zambarau. Wala siyo siri ya wataalamu hiyo: nyekundu ikipigwa na buluu inakuwa nyeusi, ikipigwa na taa nyekundu inafifia kama haipo. Mtu wa jukwaani swali lake la kwanza ni taa zina rangi gani. Yeye swali lake la kwanza lilikuwa waifai.

Picha ndizo zilizonimaliza. Ile poda nyeupe ikipigwa flashi inarudisha mwanga wote kwenye kamera, kwa hiyo sote tumetoka kama tuliokutwa mashineni tunasaga sembe. Binti wetu wa mbele kazidi wote: uso wa majivu, na chini yake mabega na mikono vinang'aa kama siku zote, utadhani ni picha mbili zimeungwa. Na picha hiyo ndiyo waandaaji waliyoichagua kuiweka. Watu wakaandika chini yake mnayoyajua.

Haya, na haki yake nayo nimpe. Nyusi. Jamani, nyusi za yule dada! Nilicheza nazo, nikaoga nazo, nikalala nazo, asubuhi nikaamka bado ziko pale zimenyooka kama mstari wa rula. Na wale wanaume wetu wawili, wanaokataaga mekapu kama watoto na dawa ya minyoo, aliwabembeleza kwa upole mpaka wakakaa. Akawapaka kidogo mno, na ndio waliopendeza kuliko sote. Alikaa mpaka mwisho wa shoo. Alimshikia mmoja wetu kanga abadili nguo, na nauli ya kurudi hakuidai. Mimi nami, nikisema ukweli, sikumwambia ni sindimba. Nilimwandikia "kuna shoo", basi. Shoo inaweza kuwa mtu kasimama anasoma shairi. Na 25,000 kwa kazi ile ni kumnyonya mtu. Angejuaje?

Angeuliza! Mdomo wa kumwambia mtu atakate alikuwa nao, wa kuuliza mnacheza nini hakuwa nao?

Shangazi yangu wa Pangani alipoona picha aliguna, akaniuliza tumefiwa na nani. Kwao ngoma walikwenda na wanja wa manga, dalia kidogo, na liwa iliyosagwa jiweni ikatiwa marashi, na hata wakilowa jasho wananukia. Namwelewa, ingawa hizi taa za siku hizi shangazi hakuzicheza.

Zikapita siku, nikamwandikia mpambaji. Sikumtukana, nilieleza tu. Akajibu kwa sauti, dakika mbili nzima, nyuma kuna feni inalia. Kwamba ngozi za watu wangu zinatoa mafuta sana. Kwamba tungemwambia tunaruka angekuja na vitu vingine. Na kuhusu binti: "Nilikuwa namtania tu, dada'angu, mbona mnakuza?" Nikaifunika simu kifudifudi mezani, nikaenda kufua.

Kesho yake, bila salamu, bila neno, ikaingia 25,000. Ya mtu mmoja. Nilijua ya nani.

Nikalainika. Ndivyo nilivyo, hasira zangu ni za moto wa makaratasi. Nikasema mtu aliyerudisha hela katika mji huu huwezi kumwanika. Ile 25,000 nikampa binti mwenyewe, nikamwambia kajinunulie kitu ukipendacho, akafurahi. Nikafuta nusu ya maneno niliyokuwa nimeandika. Nikampa nyota tatu, nikaongeza kwamba kwa arusi mchukueni bila wasiwasi, kwa jukwaa mwambieni kila kitu mapema, na kila mtu aje na wanja wake. Nilikuwa nabonyeza kutuma.

Juzi mazoezini binti kateguka kidogo kifundo cha mguu. Akaniomba nimtolee bandeji kwenye mkoba wake. Chini ya bandeji kuna kikopo cheupe, hakina lebo, kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "usiku". Mnavijua vikopo hivyo. Vinakorogewa vyumba vya uani, na kinachotiwa humo, ikiwa haidrokwinoni, ikiwa zebaki, serikali ilishavipiga marufuku vyote miaka mingi na bado vinapita. Ngozi ikishaungua nayo, taa zile zile zinakuwa adui, na jasho linawasha kama pilipili. Hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoka jasho chini ya taa.

Nikamuuliza cha nini. Akacheka. Kicheko kile kile.

Nikamfunga mguu kimya kimya. Amesema atakitupa, na sikumuuliza amekinunua lini wala kwa hela gani.

Nyota tatu nimezifuta. Nyusi, sawa, nyusi anajua.