Virutubisho vya misuli kwa wanawake: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Dada wengi jimu wanaogopa kuota ndevu kwa sababu ya kreatini. Kreatini si homoni; ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza na misuli hukitumia kupata nguvu. Vya kuogopa viko mkiani mwa orodha hii, na muuzaji huvitoa chini ya meza.

Ya kwanza ni kreatini monohaidreti, ile ya kawaida isiyo na ladha. Aina za bei ghali hazijaonyesha kuizidi. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, yaani kijiko cha chai. Mizani ikipanda kilo moja hivi mwanzoni usishtuke, ni maji ndani ya misuli. Ukienda kupima figo, mwambie daktari unaitumia, maana kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayotumika kupima figo, huweza kupanda hata figo zikiwa nzima. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza.

Ya pili ni whey, protini ya maziwa. Maziwa yakikujaza gesi, chukua aizoleti, yaani whey iliyopunguzwa sana sukari ya maziwa. Lakini mayai manne yana gramu 24 hivi za protini, sawa na kijiko kimoja cha kupimia kinachokuja na kopo la whey. Kama mayai, dagaa na maharage havikosekani nyumbani kwako, ya nini kopo? Protini ya mimea naiweka ya tatu kwa kuwa vipimo vimekuta madini ya risasi kwenye baadhi ya chapa.

Gaina, unga wa kuongeza uzito, ni sukari nyingi, na BCAA, aina tatu za asidi amino zilizomo kwenye protini, ni hela ya bure kwa anayekula vizuri.

Pre-workout, unga wa kunywa kabla ya mazoezi, soma kiasi cha kafeini. Kuna zenye miligramu 300 kwa kijiko, na mtu mzima mwenye afya hashauriwi kuvuka 400 kwa siku, mjamzito 200. Isiyotaja kiasi, irudishe rafuni.

Usiguse kabisa steroidi, yaani homoni za kiume za kutengenezwa, na SARMs kama ostarini, dawa zinazoiga kazi ya homoni hizo. Steroidi huvuruga hedhi, huotesha nywele usoni na kuifanya sauti iwe nzito, na sauti hiyo huenda isirudi tena. Kuhusu SARMs, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya mwaka 2017 kwamba zinaweza kuumiza ini. Zile sirapu za kuongeza hips zenye siproheptadini nazo ni dawa ya mzio: zinaleta njaa na usingizi, na kinachoongezeka ni mafuta.

Kabla ya kulipa, tafuta nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, za wanaopima virutubisho kama vina vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, kisha hakiki bidhaa yenyewe kwenye tovuti yao, kwani nembo hughushiwa. Unga wa kupimiwa kwenye kifuko usinunue, hata ukiuziwa na kocha wako.