Man on Fire ya Denzel: saa ya kwanza ndo muvi yenyewe

Mi kazi yangu ni kuendesha gari la shule, asubuhi nachukua watoto majumbani jioni nawarudisha, kwa hiyo muvi yoyote ya mtoto kutekwa naiangalia kivyangu. Wenzangu wanasubiri risasi zianze, mi naangalia nani kasimama wapi, gari imepaki imeelekea wapi, mtoto anatoka getini na nani. Na muvi nyingi za hivi zinanikera hapo hapo mwanzoni, maana mlinzi ni suti na miwani nyeusi tu, mtoto anawekwa kama mzigo, anatekwa kabla hata hujamjua jina ili steringi apate sababu ya kuua watu. Man on Fire ya mwaka 2004, ile aliyoiongoza Tony Scott, haifanyi hivo kabisa. Nimeiangalia tena juzi na nimeona niiseme vizuri.

Kwa ambaye hajaiona, Creasy (ndo Denzel Washington) ni mtu aliyetumika miaka mingi kwenye kazi chafu za serikali ya Marekani, sasa kaishiwa, ni pombe tu. Anaenda Meksiko kwa rafiki yake wa zamani Rayburn, kacheza Christopher Walken, na Rayburn anamtafutia kibarua cha ubodigadi kwa tajiri mmoja wa Mexico City anaitwa Samuel Ramos. Ramos ana mke Mmarekani, Lisa, na binti mmoja, Pita, kacheza Dakota Fanning ambae wakati huo ni katoto ka miaka tisa kumi hivi. Muvi inafungua na maandishi kwamba Amerika ya Kilatini mtu mmoja anatekwa kila dakika 60 na asilimia 70 ya wanaotekwa hawarudi hai. Baada ya hapo hata mtaa wa kawaida tu wenye jua unauangalia kwa wasiwasi.

Kuna kitu watu wengi wanakipita haraka na mi naona stori nzima imening'inia hapo, nacho ni bima. Ramos anataka bima ya utekaji, na hizi bima zipo kweli duniani, mtu wenu akichukuliwa kampuni ndo inabeba ile pesa ya kumkomboa. Sharti ni lazima kuwe na bodigadi. Basi mwanasheria wa familia anamwambia Ramos tafuta yeyote wa bei rahisi, bima ikishakaa sawa unamuondoa. Creasy kwenye usaili hafichi, anasema mi nakunywa, na kwa mshahara huo usitegemee maajabu. Na baba mtu anachojibu ni kwamba hilo usimwambie mtu yeyote, hasa mke wangu. Nilisimamisha muvi hapo nikakaa kwanza. Baba anajua anaemkabidhi mwanae ni mlevi, kinachomsumbua ni mama asijue! Hakuna bunduki kwenye kipande hicho, hakuna hata sauti ya kupanda, ni wanaume wamekaa ofisini, ila mi ndo kilinitisha kuliko vyote maana unaona kabisa ulinzi wa mtoto umegeuzwa karatasi ya kuonyesha kampuni.

Af sasa tunaingia kwenye gari, na hapa ndo nilipowapenda. Siku za mwanzo Pita anauliza maswali mfululizo, unatoka wapi, umeoa, kwa nini hivi kwa nini vile, na Creasy anamkatisha kwamba nimelipwa kukulinda sijalipwa kuwa rafiki yako. Anayebeba watoto anaijua hiyo kiti cha nyuma, mtoto hakuachii, na ukimnyamazisha na yeye akanyamaza kweli gari inakuwa nzito mpaka nyumbani. Muvi haiharakishi hapo. Inamuacha Creasy akiendesha macho kwenye kioo, anaangalia nyuma, anaangalia pembeni, anaangalia mtoto, anarudi tena nyuma. Denzel hafanyi mbwembwe yoyote, ni macho tu. Kuna gari anaiona zaidi ya mara moja na moyo wake unashtuka kabla hajasema neno, na Pita nae anaona kwamba Creasy kaona kitu. Katoto kana daftari kake ka siri na kanaandika vitu vyake humo. Shikilia hilo daftari, baadaye namba ya gari inayotoka humo ndo inampa Creasy pa kuanzia. Yani mtoto alikuwa analinda pia! Muvi ngapi zinampa mtoto heshima hiyo?

Kuogelea ndo kumewaunganisha. Pita anapenda kuogelea, piano hana habari nayo, ila kwenye mashindano anachelewa kuruka kwa sababu mlio wa bastola ya kuanzia unamshtua. Creasy anakuwa kocha. Anamfundisha kwamba mlio ni ruhusa ya kuondoka na wala hauna cha kuogopesha, anamrudisha juu ya kile kijukwaa tena na tena mpaka mwili unazoea. Anamwambia kitu ambacho nimekichukua kabisa, kwamba hakuna mtu mgumu, kuna aliyefundishwa na asiyefundishwa. Siku anapotabasamu kwa mara ya kwanza mtoto anamdaka, kamuona, na yeye anajaribu kukataa. Nilikuwa naangalia na mdogo wangu, yeye ni mtu wa muvi za ngumi, na hata yeye alikuwa kimya hapo.

Kuna na ule usiku Creasy anataka kujiua, risasi inagoma kutoka. Nalisema mapema kwa sababu mtu ambae yuko kwenye hali ngumu au kapoteza ndugu kwa njia hiyo ajue kabla hajakaa chini kuangalia, kipande ni kirefu na hakifichi kitu.

Kuanzia hapa nafichua mambo, ambae hajaona aruke mpaka mwisho.

Utekaji wenyewe unatokea nje ya darasa la piano. Creasy yuko nje anasubiri, mchana kweupe, na nakwambia kila dereva wa watoto aangalie dakika hizo bila kupepesa. Muda ule ule, mlango ule ule, siku ile ile ya wiki, ndo watekaji wanachokitaka, hawahitaji akili nyingi zaidi ya hapo. Gari zinaanza kusogea, moja mbele moja nyuma, kuna polisi nao wanaingia kwenye fremu na hujui wako upande gani, na mtoto anatoka mlangoni anacheka hajui kitu. Creasy anapiga risasi hewani. Pita anakimbia! Mlio ni ruhusa ya kuondoka, si ndo alivyofundishwa? Mwili wake umetii kabla kichwa hakijaelewa. Ila akigeuka akamuona Creasy kapigwa yuko chini, anarudi. Anarudi kwake analia jina lake, na hapo ndo wanamchukua.

Nimeliwaza sana hilo. Watu wanasema mtoto mjinga angeendelea kukimbia, hapana, mtoto akiogopa anamfuata anaemuamini, ndo alivyoumbwa. Mafunzo yalifika mpaka kwenye mlio, hayakufika mpaka kwenye swali la mlinzi wako akianguka unafanyaje. Mimi baada ya kuiona nilikaa na wale watoto wakubwa wa gari langu nikawaambia kukiwa na shida mimi mniache, kimbilieni ndani ya geti la shule kwa mwalimu, msirudi hata nikiwaita. Mmoja akaniuliza, na wewe je? Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia mimi ni mtu mzima.

Nusu ya pili ni kitu kingine. Pesa ya kukomboa dola milioni 10 inaharibikiwa njiani, wanaambiwa mtoto kafa, na Creasy anatoka kitandani na vidonda vyake anaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Kuna mtu anafungwa mikono kwenye usukani anakatwa vidole. Kuna klabu inachomwa. Kuna msafara unapigwa na roketi barabarani. Nakubali imetengenezwa kwa ustadi na nakubali kuna sehemu damu yangu ilichemka nikawa upande wake kabisa, ila kadri inavyoenda nikawa namkumbuka Pita kuliko muvi yenyewe inavyomkumbuka. Saa nzima tumefundishwa kwamba kulinda ni kuangalia, kusikiliza, kujua mtoto anaogopa nini, af saa inayofuata tunaambiwa mapenzi ni idadi ya watu uliowaua. Kwangu hapo imepungua. Na zaidi kwa sababu yenyewe ilishapanda mbegu nyingine, kuna sista pale shuleni anaongea na Creasy wanakutana kwenye Warumi 12:21, ule mstari wa kushinda ubaya kwa wema, na Creasy anaujua kichwani, anausema yeye. Muvi ikaacha swali hilo pale pale getini ikaenda zake na mabomu. Ningependa wangelirudia hata kwa dakika mbili.

Kinachoiokoa nusu hiyo ni kwamba upelelezi unarudi nyumbani. Kumbe baba mwenyewe alikubaliana na yule mwanasheria, mtoto achukuliwe kidogo, bima ilipe, wao wapunguze madeni, mtoto arudi. Kwenye karatasi ilionekana rahisi. Marc Anthony, ambae wengi wanamjua kwa muziki, kacheza huyo baba bila kumfanya shetani, ni mwanaume dhaifu mwenye madeni aliyejidanganya kwamba watekaji wataheshimu makubaliano. Ule usaili wa mwanzo ukiurudia baada ya kujua hili unapata maana nyingine kabisa.

Kuhusu picha, wengine hii inawatoa. Tony Scott kamera yake haitulii, rangi zimechomwa, picha inaruka inajirudia inapanda juu ya nyingine, na maandishi ya tafsiri yanatembea kwenye skrini yanakuwa makubwa yanapotea. Maandishi nayapenda sana, neno likisemwa kwa hasira na lenyewe linakuja kwa hasira. Hiyo ya kuruka ruka kwenye akili ya mlevi au mtu mwenye majeraha inaeleweka, ila wakati mwingine watu wawili wanaongea tu mezani na kamera inatetemeka, kichwa kinauma. Muziki wa Harry Gregson-Williams na ile sauti ya mwimbaji Lisa Gerrard ndani yake, hapo sina neno, ingekuwa muvi nyingine bila sauti ile.

Stori ilitoka kwenye riwaya ya A. J. Quinnell ya 1980 na kwenye kitabu yote hayo yanatokea Italia, ambako miaka ya 1970 utekaji ulikuwa biashara hasa, mjukuu wa tajiri Getty alitekwa Roma mwaka 1973 akakatwa sikio. Baadaye, mwaka 1991, Italia ikaweka sheria ya kuzuia mali za familia ya aliyetekwa ili pesa isilipwe. Kwa hiyo kuihamishia Mexico City ya miaka ya 2000 kulikuwa na mantiki. Ninachowalaumu ni kwamba kwa upande wa polisi karibu kila mwenye sare kanunuliwa, ukimtoa mpelelezi mmoja anaitwa Manzano, na raia wa kawaida wa jiji lile wanabaki kuwa mandhari tu. Angalau kuna mwandishi wa habari mwanamke, Mariana, anaweka maisha yake rehani ili majina yatoke, huyo ningemuongezea muda.

Mwisho kwenye daraja sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba mtoto yuko hai, na kwamba Creasy anafanya mabadilishano, na wakati wanakutana katikati ya daraja wanaongea maneno machache sana ya kawaida kuhusu mapenzi na kwenda nyumbani. Baada ya milipuko yote ile hicho ndo kipande ambacho muvi inarudi kuwa ile ya kwenye gari. Dakota Fanning anambeba Denzel pale, na simaanishi kinyume chake. Nilifurahi sana waliporudi kuigiza pamoja kwenye The Equalizer 3 mwaka 2023, akiwa mtu mzima.

Kwa alama naipa 8 kati ya 10, saa ya kwanza peke yake ningeipa 10. Kwa dereva, matroni, dada wa kazi, mzazi, yeyote anaesimama getini kungoja mtoto, naona aione hata kama muvi za kivita si zake, akifika kwenye vidole anaweza kupeleka mbele hakosi kitu. Watoto wasiwepo sebuleni, hata wakubwa kidogo, maana kinachotisha humu sio damu peke yake, kuna lile la baba, na mtoto akilielewa atakuja na maswali ambayo hutaki kuyajibu usiku. Tafuta yenye sauti nzuri au vaa hedifoni kwa sababu minong'ono ni mingi. Na usiianze usiku sana, ni dakika 146.