Josefina Aguilar na Irma García Blanco: wafinyanzi wawili wa Oaxaca

Wote wawili ni wa jimbo la Oaxaca, Meksiko, na wote wameurithi ufinyanzi kwa mama zao. Josefina wa Ocotlán de Morelos ni binti wa Isaura Alcántara. Irma wa Santa María Atzompa ni binti wa Teodora Blanco (1928–1980). Nelson Rockefeller, mwanasiasa tajiri wa Marekani, alikusanya kazi za Josefina na za Teodora pia.

Sanamu za Josefina zinawaka rangi, ambazo hupakwa baada ya udongo kuchomwa. Utaona wachuuzi wa sokoni na vikapu vyao, maharusi, mchoraji Frida Kahlo, na mifupa inayocheza Siku ya Wafu, sikukuu ya Meksiko ya kuwakumbuka marehemu. Ni maisha ya mji wake, hata anachouza mama wa sokoni unakitambua.

Za Irma huachwa na rangi ya udongo wenyewe. Urembo wake ni vipande vidogo vya udongo, maua na majani, vinavyobandikwa kimoja kimoja juu ya gauni la mwanamke mpaka linajaa. Mtindo huo ndio uliompa Teodora jina. Kwa ufundi mtupu, mimi naupendelea huu: hakuna rangi ya kuficha kasoro, kila kipande kinaonekana.

Lakini kwenye kurithishana, familia ya Josefina inanigusa zaidi. Alipopoteza uwezo wa kuona mwaka 2014, hakuuacha udongo; aliendelea kufinyanga kwa kupapasa, na jamaa zake wakashika brashi.